Ukitaka Swichi Yako Iongee BGP

Mtoa huduma mdogo wa intaneti wa Morogoro au Iringa hakui sana kabla hajakutana na BGP. Ana laini moja kutoka kwa kampuni inayomuuzia intaneti, sasa anataka ya pili. Au anataka kuingia TIX, kituo cha kubadilishana trafiki kilichopo Dar es Salaam, ili wateja wake wafikie mitandao mingine ya nchini bila pakiti kuzungushwa nje ya nchi na kurudi. Chuo chenye kampasi mbili kinafika hapo hapo. Na mara nyingi kwenye raki hakuna ruta kubwa, kuna swichi ya tabaka la tatu tu, yenye poti za faiba, ambayo maelezo yake yanasema inajua BGP. Mafundi huuliza kama itatosha.

Inatosha, ikipokea kidogo na kutangaza kilicho chako peke yake. Nimeandika makala hii kwa ajili ya masharti hayo mawili, na nitakaa zaidi kwenye la pili, maana ukikosea la kwanza unaumia wewe, ukikosea la pili unaumiza watu ambao hawakujui.

BGP ni lugha ambayo mitandao inayojitegemea hutumia kuambiana anwani zipi zinafikika kupitia wapi. Kila mtandao una namba yake, namba ya AS, na kila jirani huunganishwa kwa mkono wa fundi, kwa anwani yake na namba yake, kupitia poti 179 ya TCP. Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 kwenye karatasi za kupangusia mikono wakati wa chakula, mkutanoni Austin, Texas. Toleo tunalotumia leo limeelezwa kwenye RFC 4271 ya mwaka 2006. Jambo la kushika ni kwamba ndani ya lugha hiyo hakuna mahali ambapo jirani anaulizwa ushahidi. Akisema anwani fulani ziko kwake, anasadikiwa, isipokuwa kama umeweka kichujio.

Uwezo wa swichi uujue mapema. Swichi haitafuti njia ya pakiti kwenye RAM ya prosesa. Inatafuta kwenye kumbukumbu maalumu ya chipu, TCAM, ambayo ina kasi kubwa lakini ni ndogo na ghali. Swichi inaweza kuwa na RAM ya gigabaiti nne na bado TCAM yake ikabeba njia elfu chache tu. Zipo za makumi ya maelfu, na zipo za vituo vikubwa vya data zinazobeba zaidi. Jedwali zima la njia za IPv4 duniani sasa linacheza kwenye milioni moja, na la IPv6 limepita laki mbili. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Hata vifaa vikubwa vimewahi kushindwa. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la IPv4 lilivuka mpaka wa 512K, ambao ndio uliokuwa umewekwa kiwandani kwenye TCAM ya swichi nyingi za Catalyst 6500 na ruta za 7600 za Cisco. Njia zilizokosa nafasi kwenye chipu zikaangukia kwa prosesa, ambayo haikuumbwa kwa kazi hiyo, na mitandao ikazorota katika nchi mbalimbali siku hiyo. Kampuni ilikuwa imeshatoa tahadhari na amri ya kuongeza nafasi ilikuwepo. Wengi hawakuwa wameitumia, pengine kwa sababu ilitaka kifaa kizimwe na kuwashwa upya.

Kwa hiyo soma maelezo ya kiwanda ya swichi yako na utafute idadi ya njia za IPv4 na za IPv6, usiishie kwenye kasi ya poti. Kwenye Catalyst nyingi amri ya `show sdm prefer` inaonyesha TCAM imegawanywaje kati ya anwani za MAC, njia na vichujio, na unaweza kuchagua mgawo unaopendelea njia. Mabadiliko hayo nayo yanataka swichi iwashwe upya, basi yafanye kabla mteja hajaunganishwa. Kagua na leseni. Swichi nyingi huonyesha amri za BGP kwenye mwongozo lakini hazizikubali mpaka ulipie ngazi ya juu.

Kisha mwandikie anayekuuzia intaneti kwamba unataka akutumie njia ya jumla tu, yaani 0.0.0.0/0. Usiseme utachuja mwenyewe. Kichujio chako kinatupa njia zikiwa zimeshafika, na prosesa dhaifu ya swichi itakuwa imeshapokea na kusoma ujumbe wa njia milioni moja ili ibaki na moja. Kazi hiyo aifanye yeye upande wake. Kutoka TIX chukua njia zote za wanachama, ambazo ni sehemu ndogo sana ya jedwali la dunia, ila muulize msimamizi idadi yake kwanza. Hapo swichi ya kawaida inafanya kazi nzuri kabisa: trafiki ya ndani inafuata njia mahususi za TIX, nyingine yote inafuata njia ya jumla. Huna haja hata ya kuhangaika na vipaumbele, kwa kuwa siku zote njia mahususi hushinda ya jumla.

Namba ya AS na bloku za anwani, kwa sisi wa Afrika, hutolewa na AFRINIC, yenye makao Ebène, Mauritius. Bloku ndogo kuliko /24 kwa IPv4, au /48 kwa IPv6, usitegemee itapita, kwa sababu mitandao mingi duniani huitupa. Ukishapata zako, ingia kwenye akaunti yako ya AFRINIC utengeneze ROA, hati ya kidijitali inayosema bloku hii inaruhusiwa kutangazwa na AS hii. Iandike kwa makini. ROA yenye namba ya AS isiyo yako inafanya tangazo lako halali lionekane batili, na kila mtandao unaokagua hati hizo utakutupa.

Sasa kwenye kifaa. Poti inayokwenda kwa jirani ifanye iwe ya njia, si ya swichi, kwa `no switchport`, kisha uipe anwani moja kwa moja. Fundi aliyezoea VLAN hupenda kuweka anwani kwenye VLAN na kuichomeka poti humo. Kuna hasara. VLAN ikiwa na poti nyingine yoyote inayofanya kazi, itaendelea kuonekana hai hata faiba ya jirani ikikatika, na BGP itasubiri muda wake uishe ndipo itambue. Kwa mipangilio ya Cisco muda huo ni sekunde 180. Pakiti za wateja zitatupwa shimoni kwa dakika tatu nzima wakati ingewezekana ujirani uvunjike papo hapo na trafiki ihamie laini nyingine.

Kwa upande wa TIX, au KIXP ya Nairobi kwa walio Kenya, jambo hili lina uzito zaidi. Kituo cha kubadilishana trafiki ni mtandao mmoja mpana wa tabaka la pili ambao wanachama wote wanakaa ndani yake. Swichi yako ikirusha ujumbe wa spanning tree humo, inaweza kufungiwa poti mara moja, na wasimamizi wana haki ya kufanya hivyo. Poti ya njia haizungumzi spanning tree. Bado zima CDP, LLDP na proxy ARP, na hakikisha inaonekana anwani moja tu ya MAC kutoka kwako.

Mfano ufuatao unatumia namba zilizotengwa kwa ajili ya maandishi ya mafunzo, kwa hiyo usizinakili kama zilivyo. Sisi ni AS 64500, bloku yetu ni 203.0.113.0/24. Mtoa huduma wetu ni AS 64496, anwani yake 192.0.2.1. Lugha ni ya Cisco IOS. Swichi za Arista zinafanana nayo sana.

ip route 203.0.113.0 255.255.255.0 Null0
ip prefix-list YETU seq 5 permit 203.0.113.0/24
ip prefix-list JUMLA seq 5 permit 0.0.0.0/0
router bgp 64500
 neighbor 192.0.2.1 remote-as 64496
 neighbor 192.0.2.1 shutdown
 neighbor 192.0.2.1 prefix-list YETU out
 neighbor 192.0.2.1 prefix-list JUMLA in
 neighbor 192.0.2.1 maximum-prefix 10
 network 203.0.113.0 mask 255.255.255.0

Tazama mpangilio wake. Vichujio vimeandikwa kwanza. Jirani alipotajwa tu, akafungwa kwa `shutdown`, ndipo akawekewa vichujio. Ukimwandika jirani kisha ukaenda kutafuta vichujio kwenye daftari, ujirani unaweza kusimama ndani ya sekunde chache hizo, na swichi itatangaza kila ilicho nacho.

Mstari wa Null0 huwashangaza wanaoanza. Amri ya `network` haitangazi bloku mpaka bloku yenye urefu uleule iwepo kwenye jedwali la njia, na wewe huenda umeigawa vipande vidogo kwa wateja, kwa hiyo /24 yenyewe haipo. Mstari huo unaiweka. Pia unazuia pakiti kuzunguka bure: anwani ya bloku yako isiyotumika na mtu, bila Null0, ingefuata njia ya jumla kurudi kwa mtoa huduma, naye angekurudishia, hivyo hivyo mpaka pakiti ife. Vipande vya wateja haviathiriki, kwa sababu ni mahususi zaidi.

Na jina la kichujio litazame herufi kwa herufi. Kwenye IOS, jirani akifungwa kwenye prefix-list ambayo haipo, swichi hailalamiki. Inaruhusu kila kitu. Ukiandika YETTU badala ya YETU unadhani umefunga mlango, kumbe uko wazi. Mifumo mingine ina ulinzi: RFC 8212 ya mwaka 2017 inataka jirani wa nje asiye na kichujio asipewe wala asipokewe njia yoyote, na Cisco IOS XR pamoja na matoleo mapya ya FRRouting huzuia hivyo. IOS ya kawaida haizuii. Jua swichi yako iko upande gani.

Kwa nini nasisitiza kinachotoka? Chukua swichi yako ikiwa na majirani wawili, mtoa huduma na TIX. Imepokea kutoka TIX njia za benki, za vyuo, za kampuni za simu. Bila kichujio cha kutoka, inazichukua zote na kumtangazia mtoa huduma, ikisema pitieni kwangu. Mtoa huduma naye kwa kawaida hupendelea njia za mteja anayemlipa kuliko njia nyingine yoyote. Ataamini, na atawaambia wenzake. Ni sawa na kusimamisha bango Barabara ya Morogoro linaloelekeza malori yote yapite kwenye uchochoro wa nyumbani kwako. Laini yako inajaa, swichi inalemewa, na benki ambayo haijawahi kusikia jina lako inapoteza wateja.

Jambo hili limeshatokea, tena Afrika. Tarehe 12 Novemba 2018 kampuni ya MainOne ya Nigeria, iliyokuwa na ujirani na Google, ilizitoa njia za Google kwa China Telecom, ambayo ilizipokea na kuzisambaza. Trafiki ya Google kutoka sehemu mbalimbali za dunia ikaanza kupita China. Wapo waliodhani ni shambulio. MainOne ikaeleza hadharani kwamba yalikuwa makosa ya kupanga vichujio vya BGP wakati wa uboreshaji wa mtandao uliokuwa umepangwa, na kwamba yalirekebishwa ndani ya dakika 74. Kichujio kimoja cha kutoka kingetosha. Na kichujio cha kuingia upande wa China Telecom kingetosha pia. Ndiyo sababu nakusihi uweke vya pande zote mbili hata kama jirani yako ni kampuni kubwa yenye wataalamu wengi.

Cha kuingia kutoka TIX kinahitaji mistari zaidi. Kataa njia ya jumla, kwa sababu mwanachama mmoja akiitangaza kwa bahati mbaya, trafiki yako yote ya nje inaweza kumwendea. Kataa bloku yako mwenyewe na vipande vyake vyote. Kataa anwani za ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Kataa kila kilicho kidogo kuliko /24, kisha ruhusu kinachobaki. Vipande vidogo ni hatari kwa sababu huvishinda vikubwa. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, ikitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, ilitangaza /24 iliyokuwa ndani ya /22 ya YouTube. Jirani yake wa Hong Kong, PCCW, akaipitisha, na YouTube ikapotea duniani kwa takribani saa mbili.

Weka na kikomo cha idadi, `maximum-prefix`. Kama wanachama wa kituo wanakuletea njia 800, weka 1,200. Siku mtu atakapomwaga jedwali la dunia kwa makosa, ujirani utakatika wenyewe kabla TCAM haijajaa. Ukikuta jirani ameandikwa Idle (PfxCt), ujue ni kikomo hicho; tafuta sababu kwanza, usikimbilie kukipandisha. Mpe kila jirani nywila, na weka kichujio kinachoruhusu poti 179 kutoka kwa anwani za majirani tu. Na yote haya yarudie kwa IPv6. Nimeona mitandao ambayo IPv4 imefungwa vizuri na IPv6 imeachwa wazi kabisa.

Siku ya kuwasha, usiifanye kazi hii kupitia laini ileile unayoibadilisha. Uwe pale kwenye raki na waya wa konsoli, au uwe na modemu ya simu iliyounganishwa na konsoli. Kabla ya amri ya kwanza andika `reload in 10`: ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika kumi na kurudi kwenye mipangilio uliyokuwa umehifadhi. Mambo yakienda sawa, andika `reload cancel`. Wenye Juniper wana `commit confirmed`, ambayo ni nzuri zaidi kwa sababu haizimi kifaa. Halafu toa `shutdown`, utazame.

`show ip bgp summary` itakuonyesha majirani. Safu ya mwisho ikionyesha namba, ujirani umesimama, na namba hiyo ni idadi ya njia zilizopokewa. Ikionyesha neno Active usifurahi. Maana yake swichi inajaribu kumfikia jirani na bado hajapatikana: anwani imekosewa, au ukuta wa moto unazuia poti 179, au nywila hazilingani. Namba ya AS ikikosewa utaona ujirani unafika OpenSent kisha unaanguka. Ujirani na seva ya njia ya kituo, inayowapitishia wanachama njia za wenzao, ukikataa wakati kila kitu kimeandikwa sawa, jaribu `no bgp enforce-first-as`, kwa kuwa seva hiyo haiongezi namba yake kwenye njia inazopitisha na IOS huliona hilo kuwa kosa.

Kuna hitilafu moja inayowachosha sana mafundi. Ujirani unasimama, unakaa dakika tatu, unaanguka, unasimama tena, siku nzima. Ping inapita. Mara nyingi shida ni ukubwa wa pakiti: salamu za mwanzo ni fupi na zinapita, lakini ujumbe wenye njia nyingi ni mrefu, na mahali fulani katikati, pengine kwenye redio au handaki la mtandao, haupiti. Pima kwa `ping 192.0.2.1 size 1500 df-bit`. Ikikwama, umeipata.

Kisha angalia unachotangaza, kwa kila jirani, kwa `show ip bgp neighbors 192.0.2.1 advertised-routes`. Kwa mfano wetu uone mstari mmoja. Ukiona miwili, funga ujirani, ndipo utafute sababu. Ukibadilisha kichujio baadaye, tumia `clear ip bgp 192.0.2.1 soft out` badala ya kuuvunja ujirani wote. Na usiridhike na macho ya swichi yako pekee. RIPEstat na RouteViews ya Chuo Kikuu cha Oregon zitakuonyesha jinsi dunia inavyoiona bloku yako.

Njia ya jumla ina udhaifu wake, na sisi wa huku tunaujua vizuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Katika hali kama hiyo mtoa huduma anaweza kupoteza njia zake za nje huku ruta yake ikiendelea kukutumia 0.0.0.0/0 kama kawaida. Swichi yako inaona jirani mzima na inaendelea kumpa pakiti zisizofika popote. Muulize, tena kwa maandishi, kama njia ya jumla anayotoa inaondoka pale anapopoteza njia zake za nje. Muulize pia laini zake za nje zinapita kwenye nyaya zipi. Watoa huduma wawili wanaotegemea waya mmoja wa baharini ni gharama mara mbili kwa usalama wa mmoja. Ukishapata wawili walio tofauti kweli, mmoja mpe `local-preference` ya 200 kwa trafiki inayotoka, maana ya kawaida ni 100, na kwa inayoingia rudia namba yako ya AS mara mbili au tatu kwenye tangazo la yule wa akiba.

Kilichobaki ni PeeringDB, orodha ya hadharani ambayo wahandisi wa mitandao duniani hutafutana humo. Andika namba yako ya AS, vituo ulivyomo, na idadi ya njia ambazo majirani wategemee kupokea kutoka kwako, ili nao waweke vikomo vyao. Weka na namba ya simu inayopokelewa usiku, na isasishe pale anayeishika anapohama kazi.